Aliyechaguliwa kwa Mzaha

Ndugu msomaji, naanza kwa kukiri kosa. Nilipokuwa kidato cha tatu, darasa letu lilitakiwa kutoa msemaji mmoja wa mdahalo dhidi ya shule ya jirani. Mada ilikuwa ile ile ya miaka yote: elimu ni bora kuliko mali. Mwalimu akasema tupendekeze jina. Kulikuwa na jamaa mmoja wa dawati la nyuma, mtu wa kigugumizi, ambaye akiitwa jina asubuhi, kabla hajamaliza kusema "nipo" mwalimu alikuwa keshaita wengine wawili. Mmoja wetu akapaza sauti na kulitaja jina lake. Darasa likaangua kicheko. Mikono ikanyooka. Mie nilinyoosha yote miwili.

Mwalimu akahesabu. Kura zilikuwa nyingi mno. Badala ya kutugeukia sisi tuliokuwa tukicheka, akamgeukia yeye. "Wewe unajiona umesimama mbele ya wageni? Utatuaibisha. Jitoe mwenyewe." Jamaa akasimama, akapigana na neno kwa kitambo, kisha akasema, "S-s-sawa mwalimu." Akakaa. Tukamchagua mwingine, tukashindwa, na kwa wenzangu habari ikaishia hapo.

Na kwangu pia iliishia hapo kwa miaka mingi. Aliyeifukua ni Mzungu mmoja ambaye sijawahi kumtia machoni, mchezaji wa mpira wa magongo wa barafuni, jina lake John Scott.

Najua utauliza, mtoto wa Temeke na barafu wapi na wapi? Kweli bwana, barafu niliyokua nayo mie ni ile ya ukwaju, inayofungwa kwenye kifuko cha nailoni na kuuzwa dirishani. Lakini ninaye mjomba anayeishi Kanada, na huko mchezo huo ni kama Simba na Yanga kwetu. Mjomba anajua kwamba mie ni beki namba tano wa timu yetu ya mchangani, beki wa kupiga mbele tu, ambaye kocha humwingiza pale timu pinzani inapokuwa na mshambuliaji mbabe. Siku moja akanitumia picha za video kwenye simu na maneno machache: "Tazama, beki mwenzio."

Nikatazama. Kisha nikatafuta habari zake, nikasoma usiku kucha.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila timu huwa na watu sita barafuni: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wanavaa viatu vyenye chuma kikali chini, wanateleza kwa kasi ya kutisha, na badala ya mpira wanagombea kisahani cha raba ngumu kwa magongo. Katika ligi yao kuu, NHL, inayounganisha timu za Kanada na Marekani, kuna jambo ambalo kwenye soka yetu lingekupa kadi nyekundu hapo hapo. Wachezaji wawili wakitupa glavu na kuzichapa ngumi, waamuzi huwaacha kwanza, kisha huwatenganisha na kumpeleka kila mmoja kizuizini dakika tano. Baada ya hapo wanarudi kucheza. Basi kwa miaka mingi kila timu ilikuwa na mtu wake wa kazi hiyo. Nyota akiguswa vibaya, yeye ndiye anayekwenda kudai. Huku mtaani tungemwita baunsa.

John Scott alikuwa baunsa wa namna hiyo. Alizaliwa Edmonton mwaka 1982, akakulia St. Catharines, jimbo la Ontario. Ana kimo cha mita 2 na ushei, na uzito wake ulikaribia kilo 118. Timu za ligi kuu zilipokuwa zikichagua vijana, hakuna hata moja iliyomchagua. Akaenda chuo cha Michigan Tech, akasomea uhandisi wa mitambo huku akicheza beki. Kisha akaingia ligi ya chini huko Houston, na alipokanyaga barafu ya ligi kuu kwa mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2009, ana miaka 26, umri ambao wenye vipaji wameshazoea kupigiwa makofi.

Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya begi mkononi. Minnesota, Chicago, New York, Buffalo, San Jose, Arizona, Montreal. Timu saba, wakati mwingine anacheza beki, wakati mwingine anasukumwa winga ya kushoto, na siku nyingine anakaa jukwaani na suti yake akiwatazama wenzake. Jumla alicheza mechi 286 za ligi kuu. Mabao, matano. Dakika za kizuizini, 544. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu: ni zaidi ya masaa tisa ya kukaa kwenye kibanda cha adhabu, mtu mzima, mhandisi, akiwatazama wengine wakicheza.

Na usidhani kuhama kwenyewe kulikuwa kwa kupenda. Katika ligi ile, timu mbili zinaweza kubadilishana wachezaji kama watu wanaobadilishana baiskeli. Isipokuwa mkataba wako una kifungu cha kukulinda, na mkataba wa baunsa hauna, unapigiwa simu asubuhi na jioni unatakiwa mji mwingine. Mke atafungasha. Watoto watahama shule. Wewe utakwenda kutafuta hadhi upya mbele ya watu wasiokujua.

Sasa sikiliza mzaha ulivyoanza. Kwa mchezo wa nyota wote wa mwaka 2016, ligi iliwaachia mashabiki wapige kura kwenye mtandao. Atakayepata kura nyingi katika kila kanda kati ya nne atakuwa nahodha wa kanda yake. Watangazaji na mashabiki wachache wakaona hapa pana kichekesho. Tumpeleke nani pale katikati ya mafundi? Tumpeleke yule jitu asiyejua kufunga. Wakati huo Scott alikuwa Arizona na msimu ule alikuwa amecheza mechi 11 tu, bila bao hata moja. Watu wakacheka, wakapiga kura, wakaitana, wakapiga tena. Kura zilipojumlishwa, nahodha wa kanda ya Pasifiki akawa John Scott.

Mikono yote miwili, ndugu msomaji. Niliposoma hapo nilisikia kile kicheko cha darasani.

Kumbe na upande wa mwalimu ulikuwepo. Scott mwenyewe aliandika baadaye kwamba timu na ligi walimtaka ajitoe. Kwanza alikubali nusu: alitoa taarifa ya kuwashukuru mashabiki na kuwaomba wawapigie wenzake wanaostahili. Hawakumsikia. Kisha, anasimulia, mtu mmoja wa ligi akamuuliza kama anadhani jambo hilo ni la kuwafanya watoto wake waone fahari. Hapo ndipo alipoamua kwamba atakwenda.

Nimelizungusha swali lile kichwani kwa miezi. Ni swali zuri kwa sura. Linamjali baba, linawajali watoto. Lakini hebu tulirudishe kwa muulizaji. Kwa miaka saba ligi ile ile ilimlipa mtu huyu mshahara ili apigane. Watoto wake wangeweza kuwasha televisheni wakamwona baba anampiga mtu usoni, damu juu ya barafu nyeupe, uwanja mzima umesimama unashangilia. Je, siku hizo kuna mtu wa ligi aliyempigia simu kumuuliza habari ya fahari ya watoto? Aibu ilianza lini? Ilianza siku alipotaka kuvaa jezi ya nyota na kucheza mchezo bila kumpiga mtu.

Hapa ndipo penye swali langu, na sidhani ni la barafuni tu. Tunaye mtu ambaye jasho lake tunalihitaji na uso wake hatuutaki. Tunamtaka afanye kazi chafu nyuma ya pazia, na siku pazia likifunguka kwa bahati mbaya tunamwambia, "Utatuaibisha, jitoe mwenyewe." Tena tunamtaka ajitoe *mwenyewe*, ili mikono yetu ibaki safi.

Lakini sitaki kudanganya kwa kuandika upande mmoja. Niliwasimulia washikaji kijiweni, na mmoja wao, ambaye ni mbishi lakini ana akili, akanibana. "Kaka, unamtetea baunsa? Nafasi aliyochukua ilikuwa ya mtu. Kuna fundi amefanya mazoezi tangu utotoni, amefunga mabao msimu mzima, akabaki nyumbani kwa sababu wahuni wamecheka kwenye mtandao. Huyo naye si jasho?" Hoja nzito. Na mie nikaizidisha uzito, maana nilikuwa nimesoma zaidi yake. Mwezi Oktoba 2013, akiwa Buffalo, Scott alimgonga Loui Eriksson wa Boston kichwani akamwumiza ubongo, na ligi ikamfungia mechi saba. Huyo si malaika. Mikono yake ilikuwa kazini, naam, lakini kichwa kilichoumia kilikuwa cha mtu mwenye mama.

Na kazi yenyewe huwala wanaoifanya. Pale Minnesota, Scott alikuwa timu moja na baunsa mwingine, Derek Boogaard, aliyekuwa akiogopwa kuliko wote. Mwezi Mei 2011 Boogaard alikutwa amekufa, ana miaka 28, kwa kuchanganya pombe na vidonge vikali vya maumivu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipoupima ubongo wake waliukuta na ugonjwa wa kuoza taratibu unaowapata watu waliopigwa sana kichwani. Miaka 28! Umri ambao siye tunajiona bado hatujaanza.

Kwa hiyo nilimjibu mshikaji hivi. Simtetei kwa sababu ya ngumi. Ngumi zile ni msiba, wake na wa aliowapiga. Ila aliyetoa kiti kwa kura hana haki ya kulalamika kura zikishahesabiwa. Ligi ingeweza kuteua mafundi tupu toka mwanzo. Ilitaka raha ya kuwaita watu wachague, basi imeze walichochagua. Kama kuna fundi aliyeonewa, amdai aliyetunga mchezo, asimdai aliyetajwa. Mshikaji akakuna kichwa, akasema hajaridhika. Hata mie sijaridhika sana. Yule fundi aliyebaki nyumbani bado ananisumbua.

Tuendelee. Tarehe 15 Januari 2016, wiki mbili kabla ya mchezo, Scott alibadilishwa. Arizona wakampeleka Montreal, na Montreal hapo hapo wakamshusha ligi ya chini, St. John's, kisiwani Newfoundland, mashariki ya mwisho kabisa ya bara lile. Kutoka jangwani hadi kwenye ukungu wa Atlantiki. Mkewe alikuwa na mimba ya mapacha, siku zinakaribia. Wapo waliosema ni njama ya kumwondoa kwenye kanda yake ili unahodha ufe wenyewe. Mimi sikuwemo kwenye chumba hicho, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba kelele zilikuwa kubwa, na siku chache baadaye ligi ikatangaza kuwa atacheza, tena kama nahodha wa Pasifiki.

Tarehe 31 Januari, Nashville. Mtindo wa mwaka ule ulikuwa mpya, watatu kwa watatu, yaani nafasi kubwa na mbio nyingi, mchezo wa wepesi. Jitu lingeumbuka hapo kama trekta kwenye mashindano ya baiskeli. Scott akafunga bao. Kisha akafunga la pili. Pasifiki wakashinda mechi ya kwanza 9 kwa 6, wakashinda fainali 1 kwa 0, wakagawana dola milioni 1. Jina lake halikuwamo kwenye orodha ya wanaogombea tuzo ya mchezaji bora. Mashabiki wakaliandika wenyewe, akapata. Na wale mafundi, nyota wenyewe, walimwinua mabegani. Kilo 118, bwana.

Kila anayesimulia habari hii huishia hapo, machozi yanamtoka, anasema haki imetendeka. Na hapo ndipo mie ninaposita. Je, angekosa yale mabao mawili? Angeteleza akaanguka, kisahani kikampita katikati ya miguu, uwanja ukacheka? Angekuwa amekosea kwenda? Yule mtu wa ligi angekuwa amesema kweli? Hapana, siwezi kukubali. Kama heshima ya mtu inangoja kisahani kiingie golini, basi hiyo ni bahati tumeivalisha nguo ya heshima. Kilichonigusa kilikuwa kimeshatimia kabla ya mabao, pale chumba cha kuvalia, alipokaa na kufunga kamba za viatu vyake akijua kwamba nusu ya waliompigia kura wamekuja kumcheka. Walimchagua kwa mzaha. Yeye akaupokea uchaguzi, mzaha akawaachia wenyewe.

Na hao mashabiki waliogeuza kicheko kuwa shangwe, nao wamesafika? Nadhani wamesafika kidogo. Ni rahisi kumshangilia mtu uliyemdharau akishafunga. Kazi ni kumheshimu kabla hajafunga.

Baada ya hapo hakuna muujiza. Alirudi ligi ya chini. Mwezi Aprili Montreal walimpandisha kwa mechi moja tu ya ligi kuu, na Desemba 2016 akatangaza kustaafu. Mapacha walikuwa wameshazaliwa, mwezi Februari. Mabao yake ya ligi yalibaki matano, maana yale mawili ya Nashville hayaingii kwenye hesabu.

Sasa nirudi kwa jamaa wa dawati la nyuma, maana huyu hakupata Nashville yake. Mwaka jana simu yangu ilikufa kioo. Nikaenda Kariakoo kwenye mafundi simu, nikaelekezwa meza moja chini ya mwavuli, nikamkuta yeye. Alinitambua kabla sijamtambua. Kigugumizi bado kipo. Wateja wanasimama, wanangoja amalize sentensi, hakuna anayecheka, kwa sababu fundi ni fundi. Alifungua simu yangu kwa bisibisi ndogo kama sindano. Nilitaka kusema neno kuhusu siku ile. Nikazungusha maneno, nikauliza habari za nyumbani, nikauliza biashara. Mie nisiye na kigugumizi, neno halikutoka.

Yeye ndiye aliyeuliza. "B-bado unaandika hadithi?"

Nikasema ndiyo, kuna riwaya naiandika.

"S-siku moja uniandike na mie, kaka," akasema, akacheka, akanirudishia simu. Akanipunguzia bei.

Hakujua kwamba nimeshamwandika. Riwaya yangu iko kwenye kaunta buku mbili, na katika sura ya nne yumo mtu mwenye kigugumizi. Anaingia dukani kununua kiberiti, inamchukua nusu ukurasa kulitaja jina lake, mwenye duka anamkejeli, na msomaji anatakiwa acheke. Washikaji wote niliowasomea walicheka. Ilikuwa ndiyo sehemu yangu bora. Nimemwita ajitokeze mbele ya watu kwa mzaha mara ya pili, na safari hii mie ndiye darasa zima na mie ndiye mwalimu.

Siye tunaojifunza kuandika tunapenda sana nyota. Shujaa wetu ana sura nzuri, anaongea kwa mafumbo, anapendwa na binti. Halafu tunawahitaji watu wa kumzunguka: kondakta, mlinzi, mama ntilie, baunsa, mwenye kigugumizi. Hao tunawapa kazi moja moja, ya kupigwa au ya kuchekesha, kisha tunawatoa jukwaani haraka kabla hawajataka kusema lao. Kitabu kizima wanakaa kizuizini wakimtazama shujaa akicheza. Nimehesabu wa kwangu. Wako kumi na mmoja.

Sijaifuta ile sura ya nne. Nimeifungua mara tatu na kuifunga. Kumwondoa nisingemtendea haki. Hiyo ndiyo "jitoe mwenyewe" ya pili. Nataka abaki, tena asimame kwenye ule mdahalo, mbele ya wageni, aongee mpaka mwisho hata kama ni kurasa kumi. Taabu ni kwamba sijui angesema nini. Siku ile alikuwa na hoja, naamini, maana kabla hajasema "sawa" alihangaika na neno jingine, lilianza na herufi nyingine kabisa, nikaliona mdomoni mwake likikataliwa.

Jumamosi sina mechi. Itabidi nirudi Kariakoo nikamuulize.